Dawa ya Muhidini, Mfunga Chubwi wa Kanga

Pale Kanga meno ya Muhidini Kombo yalijulikana kuliko Muhidini mwenyewe. Hayakuwa meupe wala hayakujipanga vizuri, lakini yalikuwa na kazi. Kijiji kilipoandikishwa kuwa cha ujamaa na wavuvi wakaunda kikundi cha juya la pamoja, kila mtu alipewa kazi anayoiweza. Muhidini akapewa chubwi, vile vizito vya risasi vinavyovuta wavu chini. Aliyeyusha risasi ya betri kuukuu za magari, akaikata vipande, akavikunja juu ya kamba ya juya, kisha akavibana kwa meno, kimoja kimoja, kamba nzima. Koleo ilikuwapo. Muhidini alisema koleo haijui kamba inaumia wapi, akaitundika ukutani, ikapata kutu hapo.

Kazi ya kuyeyusha aliifanyia jikoni, kwa kuwa nje upepo ulimchezea moto. Mkewe, Mwanamkuu, alilalamikia sufuria yake kwa miaka miwili. Moshi hakuulalamikia, maana jiko gani halina moshi? Binti yao Saleha alikuwa ameshaolewa Miburani, kwa hiyo nyumbani walikuwa wawili tu, na sufuria.

Mwaka wa sabini na tano tumbo la Muhidini likaanza kumsokota. Akanywa mwarobaini. Likaendelea kumsokota. Rangi ikampotea, chakula kikawa hakishuki, na mwisho mkono wake wa kulia ukaanguka. Haukukatika wala haukuuma. Kiganja tu kilining'inia, na vidole havikukubali kunyooka. Akishika sindano ya kushonea nyavu, inadondoka. Kikundi kilimwonea huruma, kikampunguzia kushona, kikamwachia kubana chubwi, kwa kuwa meno yalikuwa bado mazima.

Hayo yote aliyavumilia. Ambalo hakuweza kulivumilia, na hakumwambia mtu, lilikuwa dogo zaidi. Msikitini, akikaa kwenye tahiyatu mwishoni mwa sala na kufika kwenye shahada, kidole cha shahada kilikuwa hakiinuki. Alikiamrisha, kikalala juu ya goti kama cha mtu mwingine. Muhidini akahamia safu ya nyuma, akawa anavuta mkono wa kanzu ukifunike. Alikuwa na miaka hamsini na tatu, na aliogopa kufa kidole kikiwa chini. Usingizini alikuwa akikiona kimelala vilevile.

Kwenye zahanati alikuwapo muuguzi mmoja, Arafa, msichana wa Kilindoni aliyesema kwa sauti ya juu hata akiwa hana hasira. Muhidini alipokwenda, Arafa alimwamkia, akamfunua mdomo, akauona mstari wa buluu kwenye ufizi.

"Mzee, unafanya kazi gani?"

"Nafunga chubwi."

"Unafunga kwa nini?"

Muhidini akamwonyesha meno, kwa fahari kidogo. Arafa akaandika barua hapohapo, na wiki ya pili Muhidini alikuwa Dar es Salaam, mbele ya daktari aliyemtoa damu mara nyingi kuliko alivyomtolea maneno. Damu ilirudi na jibu: risasi imejaa mwilini, ndiyo inayomlegeza mkono. Ipo dawa ya kuitoa. Inaikamata risasi ndani ya damu na kuishusha kwenye mkojo.

Daktari akampa vidonge mia na themanini, vitatu kwa siku, vya miezi miwili, na maneno ambayo Muhidini aliyakariri njia nzima ya kurudi. Anywe tumbo likiwa tupu, saa moja kabla ya kula. Anywe maji mengi. Kila baada ya wiki mbili apeleke mkojo na damu Kilindoni vikapimwe. Akiona homa, koo kuuma, vipele, au mkojo wenye povu au damu, asimeze kingine, aende zahanati siku hiyohiyo. Asiiguse risasi tena. Na dawa ni yake peke yake.

Hayo mawili ya mwisho ndiyo yaliyopata tabu Kanga.

Mwenyekiti wa kikundi cha juya alikuwa Mbaraka, rafiki yake Muhidini tangu wote wawili wakitembea bila nguo. Mbaraka alikuwa mtu wa haki kupita kiasi. Samaki wa juya waliwekwa mafungu sawa, na kichwa cha kolekole alikipima kwa macho hadi watu wakachoka kusubiri. Jioni ya Muhidini kurudi alikuja kumjulia hali, akakiona kikopo cha vidonge, akauliza ni vya nini. Akaambiwa.

"Matano, mvuvi mwenzetu, naye tumbo linamsokota," alisema. "Mimi mwenyewe kichwa hakinitoki. Sote sita tunashika risasi ileile."

"Daktari amesema ni yangu peke yangu."

"Daktari wa Dari Salama hakijui kijiji chetu. Ndugu yangu, utakaa hapa unapona peke yako, sisi tunakutazama?"

Miaka miwili Muhidini alikuwa akila fungu sawa na wenzake, hata zile wiki alizolala kitandani, na fungu lake lililetwa mlangoni bila kupunguzwa. Kula peke yake alikuwa hajui kunavyofanywa. Basi kesho yake alfajiri, baada ya sala, watu sita waliketi kwenye baraza yake wakiwa na njaa, kila mmoja na kata yake ya maji, na Mbaraka akagawa. Lile la tumbo tupu walilishika vizuri sana. Hakuna aliyegusa hata muhogo kabla saa haijaisha. Mchana wakarudi, na jioni tena. Watu wa heshima kabisa.

Na kwa kuwa sasa dawa ya kuitoa risasi ilikuwapo, Muhidini hakuona sababu ya kuacha kuiingiza. Juya lilikuwa linangoja. Akawa anameza kidonge, anangoja saa moja, anakula muhogo, kisha anakwenda kubana chubwi kwa meno. Mwanamkuu ndiye pekee aliyeuliza.

"Baba Saleha, si ulikatazwa?"

"Nilikatazwa kabla sijapata dawa," alisema Muhidini, ingawa haikuwa kweli.

Siku ya sita Matano alivimba. Midomo ilianza, kisha macho, kisha mwili mzima ukatoka vipele vyekundu, na pumzi ikawa inapita kwa mluzi. Wakambeba kwa kitanda hadi zahanati. Arafa alimdunga sindano, akakaa naye mpaka pumzi iliporudi, kisha akauliza amemeza nini. Mbaraka akaeleza mgao wote bila kuficha, tena kwa majivuno kidogo, kwa sababu hakuna aliyekuwa amepunjwa.

Arafa alikuwa anamfahamu Matano. Mwaka uliopita alimwandikia kwenye kadi yake kwamba asipewe penisilini, mwili wake unaikataa. Dawa ya Muhidini ina undugu na penisilini, na mtu wa namna hiyo hapewi bila daktari kujua. Muhidini aliulizwa hilo Dar es Salaam kabla hajapewa kidonge hata kimoja. Matano hakuulizwa na mtu.

Basi siku hiyo Arafa alikuwa na hasira, na sauti yake ilifika hadi bandarini.

"Mnagawana dawa kama kolekole! Vimebaki vingapi?"

Vilibaki sabini na viwili.

"Na wewe mzee, umeacha risasi?"

Muhidini alitazama miguu yake. Arafa akamshika taya, akamfunua mdomo. Mstari wa buluu ulikuwa umekoza.

"Ile dawa inafungua mlango," alimwambia, sasa kwa sauti ya chini, na sauti ya chini ndiyo iliyomtisha. "Ukinywa huku unaendelea kuila risasi, unaisaidia kuingia. Hukupunguza, mzee. Umeongeza. Ule mkono unautaka au huutaki?"

Muhidini alifungua mdomo aseme juu ya mkono, akasema juu ya kidole. Alisema yote, mbele ya Mbaraka, habari ya tahiyatu na safu ya nyuma na kanzu. Kisha akalia, mtu mzima, amekaa kwenye benchi la zahanati chini ya picha ya mama anayenyonyesha. Mbaraka alitoka nje.

Dawa ikasimamishwa. Wote sita wakapelekwa Kilindoni kupimwa, pamoja na Mwanamkuu, kwa ajili ya ule moshi wa jikoni. Daktari alipata barua ya Arafa, akajibu kwa nusu ukurasa, na dozi mpya ilichukua wiki saba kufika. Safari hii kikopo kilikaa kabatini kwa Arafa, na funguo shingoni mwake. Kila asubuhi Muhidini alikwenda na tumbo tupu, akameza mbele yake, akafungiwa viwili vya mchana na jioni kwenye karatasi, akarudi nyumbani kungoja uji. Mwanamkuu alimletea vidonge vyekundu vya kuongeza damu alivyobakiwa navyo Saleha kwenye ujauzito. Arafa akavikataa, akaeleza kwamba vikikutana tumboni na dawa ile vinaishika isifanye kazi. Mwanamkuu akaviweka mbali, akatazama saa ya ukutani kwa bidii kuliko mtu yeyote Kanga.

Sufuria ilizikwa nyuma ya choo. Kikundi kilikaa mkutano, kikaamua chubwi zote ziwe za udongo wa kuchoma. Muhidini alizipinga, akasema ni vitu vya watoto kuchezea mapishi, na akashindwa kura tano kwa moja. Kisha akapewa kazi ya kuzitoboa, kwa mkono wa kushoto.

Miezi ikapita. Mkojo ukapelekwa Kilindoni kila wiki ya pili. Mara moja ulionekana na povu, dawa ikasimama siku kumi, ikaanza tena kidogo kidogo. Tumbo lilitulia kwanza. Kiganja kikafuata, pole pole, kikafika usawa wa kushika kikombe.

Ijumaa moja ya mwaka uliofuata Muhidini alichelewa msikitini, safu ya nyuma ikawa imejaa, ikabidi asimame mbele, bega kwa bega na Mbaraka. Kwenye tahiyatu hakupata nafasi ya kuvuta kanzu. Alifika kwenye shahada, na kidole kikanyanyuka. Hakikunyooka sawasawa, kilitetemeka, kikasimama kimepinda, kikabaki juu hadi salamu.

Baada ya salamu watu hupeana mikono. Mbaraka aliupokea ule mkono kwa mikono yake yote miwili, na hakuuachia. Machozi yalikuwa yanamwingia ndevuni.

"Nisamehe," alisema mwisho. "Mkono huu ulikuwa wako, nami nikaugawa pamoja na vidonge."

Muhidini alianza kuuvuta mkono wake.

"Nimekusamehe," alisema. "Sasa niachie, nautumia."