Radhi Niliyowaomba Wapenzi wa Filamu

Wengi wa rika langu walipelekwa Ulaya. Mimi nilijipeleka. Hakuna wizara iliyonishika mkono. Niliandika barua mwenyewe hadi chuo kimoja cha ufundi cha Stockholm kikanikubali, na stashahada yangu ya mitambo, niliyoisomea kwa Kiswidi, imetundikwa sebuleni kwangu hadi leo. Naisema mapema ili ijulikane kwamba aliyedharauliwa katika habari hii hakuwa mjinga.

Siku za juma nilisoma. Jumamosi nilivaa koti jeupe nikahudumu kwenye karamu za hoteli moja ya mjini. Jumapili alasiri nilipanda treni kutoka Hagsätra, nilikopanga chumba, kwenda kwenye klabu ya filamu. Nilikuwa Mwafrika pekee mle, na sikukosa hata mara moja.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini walituonyesha filamu ya zamani ya Kifaransa inayowakejeli matajiri: wakubwa wamekusanyika katika jumba la shamba, wanakula, wanadanganyana, na watumishi wako jikoni. Mwenyekiti wa klabu, mwalimu mwenye ndevu nyekundu, alitueleza kwamba ilipotoka watazamaji waliizomea, na sasa wahakiki wanaiita kito. Baada ya kila filamu tulijadiliana, na maoni bora yalichapwa kwenye kijarida cha klabu. Niliyataka yangu yatoke humo. Sifa sizikatai, lakini nilichotaka hasa ni kuwa nimesema jambo katika mji ule, na ikaandikwa kwamba nimelisema mimi.

Wenzangu waliisifu kamera. Mmoja alisema filamu inachekesha lakini haina huruma. Bibi mmoja wa mstari wa mbele akasema filamu ni nzuri, ila Uswidi haina tena watu wa namna ile. Watu wa namna ile nilikuwa nimewamiminia mvinyo jana yake. Nikanyoosha mkono.

Nikasimama kama nilivyofunzwa kusimama mbele ya watu. Nilimshukuru mwenyekiti, nikawaamkia wakubwa na wadogo, nikasema mimi ni mgeni, sijui mengi, na nikikosea waniwie radhi. Kwetu, kuomba radhi hivyo kabla ya kusema ni kupiga hodi. Hata bingwa hupiga hodi, tena yeye ndiye hupiga kwa muda mrefu zaidi. Kisha nikasema nililoliona: kwamba watumishi wa filamu ile, mezani kwao jikoni, wamekaa kwa vyeo vilevile vya mabwana zao, na dharau yao kwa aliye chini ni kali kuliko ya bwana mwenyewe. Nikasema hotelini kwetu pia mbeba mvinyo hali meza moja na mwosha vyombo. Wahakiki wanaodai kwamba filamu inawacheka matajiri peke yao, nikamalizia, hawajawahi kula jikoni.

Mwenyekiti akatabasamu kwa upole.

"Usiombe msamaha," akaniambia. "Si rahisi kwa mtu asiyetoka Ulaya kuielewa filamu kama hii. Tunafurahi kwamba umejaribu."

Watu wakapiga makofi.

Kijarida kilipotoka nilijikuta mwishoni, mistari miwili: mgeni wetu kutoka Afrika, ambaye kwa kauli yake mwenyewe hajui mengi, alivutiwa na mambo ya jikoni. Juu yangu, ukurasa mzima, ilikuwa makala ya mwenyekiti: meza ya watumishi, vyeo vyake, dharau yake. Gazeti moja la mjini likamsifu kwa jicho lake kali.

Nilikipeleka kijarida Tumba, nje kidogo ya mji, kwa muuguzi mmoja Mkenya, aliyekuwa akitupikia ugali sisi watu wa Afrika Mashariki. Alikisoma jikoni, akacheka hadi akaweka mwiko chini.

"Sasa kaka, uliwaomba radhi ya nini na hujavunja kitu?"

Nikamwambia ile ni adabu.

"Adabu inataka mtu anayejua kuijibu. Hawa walikusikia, wakaandika. Huyo mzee wala hajakusingizia."

Nilimwendea mwenyekiti. Alishangaa, na nadhani alishangaa kweli. Mawazo ya mjadala ni ya wote, alisema, na kuhusu ile mistari miwili, si nilitamka mwenyewe? Akaniwekea kidole pale pale kijaridani, penye maneno hayo. Sikurudi tena klabuni, na nilizimaliza Jumapili zangu kwa vitabu vya mitambo. Nilipita mtihani wa mwisho nikiwa wa pili darasani, wa kwanza miongoni mwa wageni.

Nilirudi nyumbani na stashahada na tabia mpya. Siombi radhi kabla ya kusema. Kiwandani, ambako mafundi wote wako chini yangu, naanza na hoja, na wamezoea. Lakini siku ya kupokea posa ya binti wa dada yangu, nilisimama nikawaeleza wageni masharti yetu moja kwa moja. Mjomba wangu, yule aliyenifunza utotoni namna ya kusema mbele ya watu, akainua mkono.

"Mpwa wangu," akasema, wakwe wakisikia, "hata hodi?"

Nilikuwa na jibu refu, na kijarida kile bado kimo sandukuni. Wakwe walikuwa wakinitazama. Nikaendelea na masharti yetu, na mjomba akageuza kiti chake kuelekea mlangoni.