Vidonge Nilivyompa Kapita

Mwanangu, kuna siku moja naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na mama yako asinisikie. Ni siku ambayo Kapita, mbwa wetu mzee, alikimbia tena. Kwa miezi mingi alikuwa akiinuka kwa taabu: miguu ya mbele kwanza, kisha anangoja kidogo akitetemeka, ndipo anaivuta ile ya nyuma. Asubuhi hiyo alitoka mlangoni mbio, akauzunguka uwanja wetu wa Katoyi mara mbili juu ya yale mawe meusi ya volkano. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilijiona daktari.

Jana umeniandikia kwamba mbwa wako mkubwa, huko Bunagana, hapandi tena kibarazani, analia akiguswa kiuno, na jirani amekushauri umpe dawa yako mwenyewe ya maumivu. Kabla hujampa, nisikilize. Najua huwa nazunguka sana ninapoeleza jambo. Leo nitajitahidi.

Kapita alikuwa mbwa wa baba yangu, mfugaji wa ng'ombe kule kwenye milima ya Masisi. Alikuwa na kifua kipana na sauti nzito, na ng'ombe walimtii kuliko walivyonitii mimi. Baba alipofariki, na vita vikatufukuza, tulishuka kwa miguu hadi kambini Mugunga, mama, mimi na mbwa. Mama alikuwa na mguu mbaya. Mimi nilitangulia na mizigo, kwa hofu tu, na mpaka leo naona aibu kulisema hilo. Kapita hakutangulia. Kila mama alipoketi kupumzika, alirudi akalala kando yake, akangoja mpaka ainuke. Siku mbili nzima alikwenda kwa mwendo wa mama.

Baadaye tulipata nyumba ya mbao mjini, mtaa wa Katoyi, nami nikawa mtu wa chukudu. Nilisukuma makaa na viazi juu ya kile chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, na Kapita alifuata pembeni. Nikiingia kwa mteja, yeye analinda mzigo. Watu walimwogopa, nami nilipenda waogope. Miaka ikaenda, akazeeka. Alipoanza kubaki nyuma nilimwita mvivu, nikamvuta kwa kamba.

Mama aliniambia, "Mutoto yangu, umuache alale. Huyu anaumia."

Nikamjibu kwamba mbwa akilala sana anaharibika. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na kichwa kigumu ajabu.

Sasa, sisi watu wa chukudu tulikuwa na vidonge vyetu. Unanunua kimoja kimoja kibandani, bila karatasi ya daktari, unakimeza kabla ya kupanda mlima, na magoti na mgongo vinanyamaza mpaka jioni. Wote tulimeza. Nikafikiri, kama kinanifaa mimi, kwa nini kisimfae yeye? Nikakificha ndani ya tonge la bugali. Kapita alikila kutoka mkononi mwangu bila hata kunusa, kwa sababu ni mimi niliyempa.

Ndiyo siku aliyokimbia. Nikampa tena kesho yake, na keshokutwa, na kila siku nilimpeleka barabara ya Sake na kurudi. Baada ya wiki hivi akakataa chakula. Akatapika. Kinyesi chake kikawa cheusi kama lami. Nikasema amekula mzoga mahali fulani. Na nikuambie yote: alipozidi kulegea nilimfumbua kinywa, nikamsukumia kidonge kingine, apate nguvu.

Aliposhindwa kabisa kusimama, nilimlaza kwenye chukudu juu ya magunia matupu, nikamsukuma hadi Mugunga kwa mzee mmoja aliyetibu ng'ombe wa baba zamani, naye akakimbilia huko kama sisi. Kila jiwe lilimtikisa, na kila alipotikisika aliguna. Mama alichechemea pembeni, amemshika kichwa.

Yule mzee alimpapasa tumbo, akainua mdomo wake. Ufizi ulikuwa mweupe.

"Ulimupatia nini?"

"Dawa ya mugongo, Papa. Ile tunakunywaka siye batu ya chukudu."

Aliuachilia mdomo wa mbwa. "Ile ni dawa ya mutu. Kwa imbwa inatoboa tumbo, inaharibu na figo. Maumivu yake ilikuwa inamuambia apumuzike. Weye ukaifunga kinywa, ukamutembeza."

"Papa, sikujua."

"Ungekuja kuuliza. Niko hapa miaka yote." Akafuta mikono yake. "Umurudishe nyumbani. Polepole."

Tulirudi polepole. Katikati ya njia mguu wa mama ukagoma, akaketi juu ya jiwe kandokando ya barabara. Kapita alimwona ameketi. Mwanangu, yule mbwa aliweka miguu ya mbele kwenye ubao, akajaribu kuinuka aende kwake. Alijaribu mara mbili. Mara ya pili kichwa kikaanguka juu ya magunia, na hakukiinua tena.

Mama hakunipigia kelele. Alisema tu, "Wakati ya kukimbia vita, huyu alikuwa ananingojea. Weye haukumungojea hata siku moja."

Mama amekwisha kufa, na maneno hayo bado ninayo. Nimeungama kwa padri, nimesamehewa, na hayakupungua. Sikufuga mbwa mwingine.

Basi nasaha yangu ni hii. Mbwa wako hatapona, sitakudanganya. Viungo vilivyolika havirudi kuwa vipya, na utamtazama akidhoofika, na utaumia. Lakini vidonge vyako visiguse kinywa chake. Mpeleke kwa daktari wa mifugo hata kama ni mbali, na kama umekwisha kumpa chochote, sema, usione haya. Yeye atampima uzito na kumpa dawa ya mbwa. Mtandikie nyasi kavu ndani ya magunia, mbali na mawe na matope. Usimnenepeshe kwa huruma, kwa maana kila kilo inakaa juu ya magoti yake. Mtembeze kidogo, penye udongo laini, na akisimama, simama. Pale kibarazani mpitishie kitambaa chini ya tumbo, mnyanyue. Na siku hayo yote yatakaposhindwa, usiondoke. Kaa naye.

Mimi sasa nainuka kama yeye: mikono kwanza, nangoja kidogo, ndipo naivuta miguu. Jumapili tukienda misa, wadogo zako wanatangulia, halafu wanageuka kunitazama kwa ile sura niliyokuwa nayo mimi zamani. Siwalaumu. Walijifunza kwa nani kama si kwangu?

Nenda, mwanangu, ukamtazame mbwa wako. Mungu akupe subira ambayo mimi sikuwa nayo. Na siku magoti yako yatakapokataa, akupe mtu mmoja, hata mmoja tu, wa kurudi nyuma akaketi kando yako.