Nilizima Cherehani kwa Ajili ya Panya Wasio na Mkia

Mjomba wangu, mtu wa suti na viatu vya kung'aa, alilala kifudifudi kwenye sakafu ya chumba changu cha kushonea, akimbembeleza mnyama wa ukubwa wa ngumi ale jani la saladi.

"Kula basi, bwana. Kula tukuone."

Sikucheka. Nilikuwa nimemkasirikia wiki nzima. Ngojeni niwaeleze ilivyokuwa, na anayetaka kunisuta anisute nikimaliza.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu ni kimoja: mbele kazi, nyuma ya pazia kitanda. Sina mume, sina mtoto, na sijaomba pole ya mtu.

Dada yangu alipofariki, binti yake, tunayemwita Kadogo, alichukuliwa na mjomba kwa sababu mjomba ana nyumba kubwa. Huko mtoto akawa hataki kula. Anakaa mezani, watu wote wanamkodolea macho, yeye anaangalia sahani. Akazidi kukonda. Mke wa mjomba akasema ni kiburi tu.

Nikaenda kumwomba nimlee mimi. Mjomba alicheka mbele ya ukoo mzima.

"Wewe? Hata ua la kwenye kopo lilikufia. Umewahi kulea nini?"

Sasa, asubuhi ileile mteja wangu mmoja, mama wa duka la dawa, alikuwa amehama na kuniachia watoto wawili wa simbilisi kwenye boksi. Kama humjui simbilisi, mfikirie panya mnene, hana mkia, ana sura ya mtu aliyeamshwa ghafla.

"Nalea simbilisi," nikajibu.

Walicheka mpaka wakapaliwa. Mjomba akafuta machozi.

"Haya. Jumapili tutapita kwako na mtoto. Tukiwakuta hai na wanakula, Kadogo abaki. Tukikuta mizoga, usinirudie tena na maneno haya."

"Usichelewe," nikamwambia.

Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa. Nikawaandalia karamu: karoti, kabichi, tango, mkate, hadi karanga. Boksi nikaliweka chini ya meza ya kukatia vitambaa, kando ya cherehani, niwe nawaona vizuri.

Habari zikazagaa mtaani. Kila aliyekuja kupimwa gauni aliinama. "Hebu tuwaone." Huyu anagonga boksi, yule anapiga mluzi.

Hawakula.

Walijibana kwenye kona, mmoja juu ya mwenzake, wanatetemeka. Mpaka jioni kabichi ilikuwa imenyauka palepale nilipoiweka.

Niliogopa, sitaki kuwadanganya. Akilini nilimwona Kadogo anarudishwa kwenye ile meza. Nikampigia simu yule mama wa duka la dawa.

"Umewapa nini?"

Nikamtajia. Akaguna.

"Ndugu yangu, hiyo ni sherehe. Tumbo la mtoto wa simbilisi halitaki mambo mapya kwa mkupuo. Wape nyasi kavu, maji safi, na zile punje nilizokufungia, ndizo walizozoea. Wakitulia, pilipili hoho kipande kidogo, kwa ajili ya vitamini. Umewaweka wapi?"

"Kando ya cherehani."

"Ile ya mota?"

"Ndiyo."

"Basi kwa mngurumo ule wanajua wataliwa. Watafutie pa kujificha. Wafunike. Usiwashike, usiwachungulie. Na wasipogusa nyasi kufikia asubuhi, wakimbize kwa daktari wa mifugo. Hawa hawavumilii njaa."

Nikazima cherehani.

Nielewe vizuri: ulikuwa msimu wa sare za shule, rundo la sketi lilikuwa limefika dirishani. Nikashika sindano ya mkono na kuanza kupiga pindo moja moja. Nilichukua boksi la viatu, nikalikata mlango, nikaligeuza wapate nyumba. Juu nikafunika kipande cha kitambaa cha sare.

Jirani akachungulia. "Unaacha kazi kwa ajili ya panya?"

"Ndiyo. Na ongea taratibu."

Akaondoka anasonya. Nikaendelea kushona. Vidole vinauma, macho kwenye pindo, sigeuki.

Mara nikasikia kutafuna. Kru, kru, kru.

Nililia pale pale na sindano mkononi, kimyakimya, nisije nikawashtua.

Wiki ilipokuwa inaisha, nikigusa tu mfuko wa hoho walikuwa wanapiga kelele kama wanaonidai.

Jumapili mjomba akaja, mkewe nyuma, Kadogo katikati, amebaki macho tu. Nilimwekea mtoto sahani ya wali mezani. Hakuigusa.

Mke wa mjomba akaenda moja kwa moja kufunua kitambaa na kugonga boksi. Simbilisi wakatimkia kwenye nyumba yao.

"Unaona? Wamejikunyata. Hawa wanakufa."

Ndipo mjomba akalala chini na suti yake na jani lake la saladi. Alibembeleza weee, hakutoka mtu.

"Hawali," akasema, akijipangusa magoti. "Na tulikubaliana."

"Rudisha kitambaa, mjomba. Halafu tokeni nje."

"Unanifukuza mimi?"

"Ndiyo."

Sijawahi kumjibu hivyo maishani mwangu. Sikushusha macho. Wakatoka wananung'unika, nikawafuata na viti. Tukakaa barazani tumenuniana.

"Kadogo yuko wapi?" mke wa mjomba akashtuka.

Tukarudi mlangoni. Sahani haikuwa mezani. Chini ya meza, kitambaa cha sare kilikuwa kimevutwa mpaka sakafuni, na miguu miwili midogo imetokeza. Kutafuna kulisikika, kwa namna mbili tofauti.

Nikasogea. Sauti ikatoka chini, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu msiba.

"Mama mdogo, usifunue. Bado tunakula."

Mke wa mjomba akaniangalia. "Kwangu alikosa nini?"

"Hakukosa kitu, anti. Mlikuwa mnamwangalia."

Begi la Kadogo lilifika kesho yake. Katikati ya nguo mjomba alikuwa amepachika hoho tatu, mbichi, zimefungwa kwenye gazeti.

Cherehani nimeihamishia barazani. Wanaocheka wacheke, nashona huku nawasikia watatu wangu wakitafuna ndani.

Nawe ukiletewa mgeni mdogo aliyeogopa, awe na manyoya au hana, mpe chakula alichozoea, mpe maji, mpe kona yake. Kisha geuka, shika kazi yako. Na atakayekuja kugonga boksi, mtoe nje, hata kama ni mjomba wako.