Nimegoma Kuwakatia Wapangaji Mtandao

Mzee wa kanisa alisema mtandao ukatwe. Mke wangu akaitikia. Mimi nikasema haukatwi, na anayetaka kuukata aje na shoka, maana mkasi hautoshi.

Ilikuwa hivi. Hapa Nyasubi nina uwanja wangu, vyumba vimebanana kama meno, na wapangaji wote wanatumia intaneti yangu, imo humo humo ndani ya kodi. Siku hiyo jumuiya ilisali sebuleni kwangu. Mzee wa kanisa kafumba macho, anaomba kwa ile sauti inayosikika mpaka Tinde. Mara televisheni ikawaka yenyewe. Wakatokea akina dada wamevaa vitambaa visivyotosha hata kufutia miwani, viuno vinazunguka mpaka nikahisi upepo. Mzee akafumbua jicho moja, akalifumba, akalifumbua tena kuhakikisha.

Kumbe ni mpangaji wa chumba cha pili, muuza mitumba. Alidhani anarusha muziki kwenye spika yake, akabonyeza sivyo, ukaja kwenye televisheni yangu, maana sote tulikuwa ndani ya mtandao mmoja.

"Wakatie wote," mzee akasema. "Hii ni nyumba ya sala."

"Hii ni nyumba yangu, mzee. Sala imekuja kutembea."

"Baba, usimjibu mzee hivyo," mke wangu akasema. "Wakatie. Wiki ijayo jumuiya inarudi hapa hapa."

Mimi kichwani nilikuwa na mpangaji wa chumba cha nne. Mumewe yuko Geita, anashuka kwenye shimo la dhahabu, wenyewe wanaita duara, na mtoto wao kazaliwa yeye akiwa huko. Kila jioni mama anaegemeza simu kwenye kinu, baba anatokea na vumbi lake usoni, mtoto anacheka anataka kulamba kioo. Bando la kununua lisingewafikisha popote. Sasa nimkatie mtoto baba yake kwa ajili ya viuno vya muuza mitumba? Thubutu.

Shule mimi niliiacha kabla haijanizoea. Nilikuwa Samuye nachunga. Lakini zizi nalijua. Ukiacha ndama alale na mama yake, asubuhi unakamua upepo. Ndama humfukuzi, unamjengea kizizi chake pembeni, boma ni lile lile. Aliyeniuzia boksi la mtandao aliwahi kuniambia na lenyewe linagawanyika hivyo, inaitwa VLAN: boksi moja, laini moja, lakini wa huku hawawaoni wa kule. Basi nikafungua video za jamaa mmoja anayeongea lugha ambayo hata sijui ni ya nchi gani. Nikafuata vidole vyake tu. Nilimwangalia mpaka nadhani na yeye alishaanza kunifahamu.

Nikakaa kibarazani na kompyuta ya muuza mitumba, maana mkosaji lazima achangie. Kizizi namba kumi, sisi wa nyumbani na televisheni yetu. Namba ishirini, wapangaji. Kila kimoja na waifai yake. Nikabonyeza, boksi likaninunia. Kumbe tundu la waya lililoshika kompyuta nimelihamishia kwa wapangaji, na wapangaji wenyewe sijawapa njia ya kutokea. Nimejifungia nao.

Mke wangu akatoka na simu yake inawaka vizuri tu, yuko namba kumi.

"Umewakatia," akasema. "Mungu kajibu."

"Nipe hiyo simu niingilie kwako, nirekebishe."

"Sikupi. Acha ikae hivyo hivyo."

Muda ule ule yule mama wa chumba cha nne akatoka, akaegemeza simu kwenye kinu. Kiduara cha kusubiri kikazunguka, kikazunguka. Mtoto akakipiga kofi, akatutazama sisi, akakipiga tena.

"Shikamoo mama," mama mtoto akamwambia mke wangu. "Eti mtandao umekufa?"

"Marahaba, mayu," akaitikia kwa Kisukuma, kama anamwita mama. "Haujafa." Akanisukumia simu kifuani bila kunitazama. "Fanya haraka wewe, mtoto anasubiri."

Nikawapa wapangaji njia ya kwenda nje, halafu nikaweka amri kwamba kwao na kwetu hapapitiki. Kinu kikaanza kuongea.

Wiki iliyofuata jumuiya ikarudi. Mzee wa kanisa akakaa ameitazama televisheni kama mtu anayelinda mwizi. Nikamwita muuza mitumba mbele ya watu wote.

"Itafute televisheni yangu kwenye simu yako."

Akatafuta. "Baba, haipo. Labda umeiuza."

"Mimi bado nasema wakatie," mzee akasema.

"Na mimi bado nasema siwakatii. Tusali."

Tukasali, hakuna kiuno kilichotokea. Mzee akatoka akipita uwanjani, na pale kwenye kinu yule baba wa Geita alikuwa hewani.

"Shikamoo mzee," simu ikasema.

Mzee akasimama. "Marahaba, mwanangu. Huko mvua ipo?"

Akachuchumaa. Akauliza mvua, akauliza duara, akauliza kama huko wanasali na wanasalia wapi, mpaka ugali wa yule mama ukawa mgumu wa kujengea nyumba.

Nikamwita kutoka mlangoni. "Mzee, nikate?"

Akanipungia mkono ninyamaze, anasikiliza.