Nimezima maharage ya mama mkwe

Jamani, leo nimemzimia mama mkwe maharage!

Hapa Columbus, Marekani, giza sasa linaingia saa kumi na moja jioni, na OCD yangu, huu ugonjwa wa wasiwasi wa kukagua vitu tena na tena, inapanda nalo. Kila nikifika kwenye gari niende kazini, lazima nirudi kukagua jiko.

Leo nikakuta linawaka kweli. Nikazima.

Mama mkwe alikuwa sebuleni anasali. Kwa kuwa katikati ya sala haruhusiwi kuongea, akapaza sauti kunishtua: "Allahu akbar!"

Mimi nikajua ananionya kuna moto. Nikakagua tena, mpaka soketi.

Alipotoa salamu kumaliza sala akasema, "Mwanangu, hayo ni maharage yangu. Nenda kazini, jiko nalilinda mimi."

Sasa niko garini, namwona dirishani na mwiko wake, ananipungia niende.

Nyie wenzangu wenye OCD mnaondokaje? Bado sijawasha gari.