Kofia Isiyotaka Haraka

Mimi ni fundi simu hapa Kilwa Kivinje. Mteja nikimwambia asubiri kidogo, namaanisha amalize soda yake, basi. Kwa hiyo nilipokwenda kupimwa kichwa kwa mshona kofia wa mtaa wa nyuma, nilijua Idd itanikuta nayo.

Mshonaji alikuwa mjane wa rika langu, akiishi na mama yake. Alichora maua kwa penseli kwenye kitambaa cheupe, akaanza kutoboa vitundu na kuvizungushia uzi kimoja kimoja. Nilipouliza itakuwa tayari lini, alisema itakapokwisha. Baada ya siku mbili nikarudi kuuliza tena. Mama yake, aliyekuwa akichambua mchele, akanituliza kwamba kichwa changu hakitaibiwa, maana hakuna anayekitaka.

Nilikasirika kwelikweli. Nikapanda basi dogo mpaka Kilwa Masoko, nikanunua kofia ya mashine, nikaswalia Idd nayo na kupita mlangoni kwao makusudi. Nilipoifua tu, wanga ukatoka wote, ikanilalia kichwani kama chapati. Mama mtu aliponiona alicheka mpaka mchele ukamwagika.

Toka hapo sikuuliza tena. Jioni nilikaa barazani kwao nikitazama. Mshonaji akikosea alifumua ua zima na kuanza upya, huku akiendelea na habari za mtaa kana kwamba hakuna kilichoharibika. Nami dukani nikaanza kusafisha simu za watu polepole, mpaka mteja mmoja akaniuliza kama naumwa.

Nilikuwa naumwa, ila si alivyodhani. Maua yalikuwa yanakaribia kukutana, na kofia ikiisha sina tena sababu ya kukaa kwenye baraza la watu. Nilimpenda yule mwanamke na sikuwa na ulimi wa kusema. Nikabaki kumwomba Mungu uzi uadimike madukani. Siku moja nilidai kichwa kimenenepa, kipimwe upya. Mama yake akakohoa. Kilipimwa, kikakutwa vilevile.

Basi siku ikafika, nikaitwa. Kofia ilikuwa imefuliwa, imetiwa wanga na kupigwa pasi, nzuri mpaka nikaona haya kuishika. Nikaigeuzageuza nikitafuta kosa, nikalipata. Juu ya sikio palikuwa na kitundu kimoja kilichotobolewa tu, hakijazungushiwa uzi. Nikamwonyesha kwa furaha isiyo na adabu, nikasema sina haraka hata kidogo, aendelee tu, mwezi mzima akitaka.

"Hicho sikukisahau," alisema, macho yakiwa kwenye sindano. "Nitakimalizia nyumbani kwako. Waambie wazee wako walete posa, na wasichelewe."