Makovu Sita Shingoni

Saa tisa na dakika kumi alasiri, siku ya Ijumaa, nilitia mzizi mmoja wa jinsengi katika bakuli la maji ya vuguvugu. Nilikuwa peke yangu jikoni, katika fleti tunayoishi watu wanane huku International City, Dubai, na zamu yangu ya jiko ilikuwa iishe saa kumi. Sikuwa napika. Nilikuwa nakagua.

Kukagua ndiyo kazi yangu. Ni askari wa mlangoni katika jengo la fleti huko Al Barsha. Shule niliiacha kidato cha pili. Mengine yote nimejisomea, zaidi kwenye kiti cha zamu. Jinsengi, mzizi wa dawa unaopendwa Korea na China, niliianza baada ya mpangaji mmoja Mkorea kuhama na kuniachia kopo la chai yake. Sikuipenda chai, lakini nilitaka kujua kwa nini mzizi mdogo hivyo uuzwe ghali hivyo. Miaka miwili baadaye nilikuwa na daftari lililojaa, na wazo ambalo sikumwambia kila mtu: kurudi nyumbani, kwenye robo ekari yangu kule Kinangop, Kenya, kwenye baridi, na kujaribu tuta moja.

Ni mmea wa mtu mvumilivu. Mbegu ukishaichuma unaizika kwenye mchanga wenye unyevu karibu mwaka na nusu ndipo ikubali kuota. Haitaki jua, kwa hiyo hujengewa kivuli kinachozuia karibu robo tatu ya mwanga. Mwaka wa kwanza hutoa kikonyo kimoja chenye vijani vitatu, basi. Kila baridi ikiingia, shina hufa na kuacha kovu kwenye shingo, ile sehemu nyembamba iliyo juu ya mzizi. Umri husomwa hapo. Makovu sita ni miaka sita, na ya miaka sita ndiyo yenye bei.

Kwa wenzangu wa fleti nilikuwa daktari wa mizizi, na hawakukosa la kuniuliza kila nilipofungua daftari. Mmoja tu hakucheka. Tulitoka kata moja, tukafika Dubai mwaka mmoja, na kitanda chake kilikuwa chini ya changu kwa miaka minane. Alikuwa mtunza stoo katika hoteli. Akirudi kazini alikuwa akichemsha chai, ananipa kikombe huko juu, kisha anauliza. Nilimchorea shingo ukurasa mzima, makovu yakipishana kushoto na kulia. Siku moja aliniuliza kama shingo nayo huliwa. Nikamwambia hapana, wengi huikata kabla ya kuchemsha mzizi, na maduka ya Wachina huziuza shingo kama mabaki.

"Kwa hivyo Prof, mtu hununua kwa kuangalia kitu atakachotupa," alisema.

Nilifurahi kwamba ameelewa.

Mwezi uliofuata aliniletea habari ya mfanyabiashara Mchina anayefunga duka, ana mizizi arobaini ya miaka sita, dirham mia na hamsini kila mmoja. Nilitaka kumwona huyo Mchina. Akasema mtu yuko mbioni, anafunga mizigo, nikichelewa khalas. Pale Deira nilikuwa namjua mzee mmoja wa Kizanzibari mwenye duka la dawa za mitishamba, aliyeniahidi kununua yoyote ya miaka sita kwa bei nzuri. Faida ingetosha uzio, neti ya kivuli na mbegu za tuta langu. Nikatoa akiba yangu ya kurudi nyumbani.

Mizigo ilipokuja nilikagua mzizi mmoja mmoja. Yote arobaini ilikuwa na makovu sita. Niliipima pia, na uzito nikauandika: ilikuwa myepesi kuliko inavyopasa. Niliandika, nikageuza ukurasa. Miaka kumi na moja nimekaa mlangoni nikisoma kadi za watu. Nadhani nilikwisha kusahau kutazama nyuso.

Asubuhi ya Ijumaa ile mzee wa Deira aliushika mzizi kwenye mwanga, akaunusa, akanirudishia.

"Shingo yake nzuri mno, mwanangu," alisema. "Nenda kautie kwenye maji ya vuguvugu, kisha uje unambie."

Saa tisa na dakika thelathini shingo ilibaki mkononi mwangu. Ndani yake mlikuwa na kipande cha kijiti cha meno na gundi ya manjano. Makovu yalikuwa ya kweli, ya mmea mwingine. Nilifungua daftari kwenye ule mchoro ili nilinganishe, huku nikimlaani Mchina nisiyemjua. Juu ya kovu la tatu la mchoro kulikuwa na tone lililokauka la gundi ile ile ya manjano.

Mwenzangu wa kitanda cha chini alirudi saa kumi na robo. Nilikuwa nimeweka bakuli na daftari juu ya kitanda chake. Alivitazama, akaketi pembeni mwa kitanda, akaanza kufungua viatu.

"Hakukuwa na Mchina," nilisema.

"Wa mabaki alikuwako."

Nilimuuliza alifikiri ingeishia wapi. Alinijibu kwa upole, kama anayenielekeza njia. "Ungemuuzia mzee, upate faida yako. Wewe ungekuwa na shamba, mimi ningekuwa na pesa zangu. Nani angelia?"

"Mzee."

"Mzee si ndugu yako."

"Na mimi?"

Alikuwa amevua kiatu kimoja. Alivua na cha pili, akavipanga chini ya kitanda. Kisha alisema kwamba pesa zimekwisha kwenda nyumbani, na akaenda kuoga, maana zamu yake ya bafu ilikuwa imefika.

Mwisho wa mwezi alihamia Discovery Gardens. Chai yake aliiacha kwenye kabati, haijaguswa. Mzee wa Deira aliichukua mizizi yote arobaini kama ya supu, dirham kumi na tano kila mmoja, na shingo akazing'oa mwenyewe mbele yangu bila kuniuliza neno. Nililipa elfu sita, nikarudishiwa mia sita. Tuta la Kinangop limenipotea kwa dirham elfu tano na mia nne.